Tishati za Kwenda Ukweni

Kutoka stendi ya mabasi hadi miguuni pa kilima cha Iveti, hapakuwa na duka la nguo lenye bidhaa nyingi kama la Bartholomew Kimanzi. Shida ilikuwa moja tu: bidhaa zenyewe hazikuwepo!

Usicheke kwanza. Ninajua ninachosema, maana nilikuwa jirani yake. Mwaka huo wa 2004 mimi, Henry, fundi wa simu na saa, nilikuwa na kimeza changu upande wa kushoto wa veranda. Upande wa kulia palikuwa na saluni ya Wakiuru, mama wa Murang'a aliyesuka vichwa vya nusu ya mji wa Machakos na kujua siri za nusu iliyobaki. Katikati yetu, katika chumba ambacho ukipiga chafya unajigonga ukutani, alikaa Bartholomew. Kwa kifupi tulimwita Bato. Kwa urefu alijiita Mkurugenzi Mkuu, Kampuni ya Kimataifa ya Tishati.

Urefu huo aliuandika juu ya mlango wake. Lakini mlango ulikuwa mwembamba na kampuni ilikuwa ya kimataifa, kwa hiyo neno "Tishati" lilimwagikia ukutani kwa Wakiuru. Wateja wakawa wanaingia saluni kuulizia tishati, nao wanatoka wamesukwa.

Bato alikuwa ameipata biashara hiyo kwenye saiba, alikolipia nusu saa ya mtandao na kutoka akiwa mtu mwingine kabisa.

"Wazungu hawaweki stoki!" alitutangazia. "Stoki ni ushamba. Mtu anaagiza kwanza, wewe unachapa baadaye. Anataka moja, unachapa moja. Hakuna nguo ya kukaa ikiliwa na panya."

"Kwa hivyo unauza hewa," Wakiuru akasema, kitana mdomoni.

"Ni hewa iko na mpango, mama."

Mali yote ya kampuni ilikuwa printa moja, kiti kimoja, na mashine ya kubana picha kwenye nguo, ambayo kwa kweli ni pasi ya umeme iliyonenepa. Kila alipoiwasha, taa za saluni zilizimika na mteja wa Wakiuru alibaki na nywele nusu zimekauka, nusu zinadondosha maji. Nimeshuhudia mama mmoja akitaka kumpiga Mkurugenzi Mkuu kwa kiatu, akiwa amevaa rola kichwani kama malkia wa sayari nyingine.

Ningemwacha Bato aendelee na hewa yake kwa amani, kama si mapenzi.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo, na humo aliuza Mutindi. Mutindi alikuwa na kicheko cha kumfanya mtu anunue dawa ya kupe hali hana hata paka. Bato alinunua nyingi. Mwishowe wakapendana, wakakubaliana waoane, na jambo likafika kwa baba yake, Mzee Mulwa wa Kola.

Mzee Mulwa hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe mjini siku ya soko, akaketi kwenye kile kiti kimoja, akaweka kofia juu ya goti. Bato akabaki wima kama askari wa zamu. Mimi nilijifanya ninatengeneza simu, Wakiuru akajifanya anafagia, na hakuna hata mmoja wetu aliyepitwa na neno.

"Mutindi ananiambia uko na duka," Mzee akaanza.

"Niko na kampuni, Asa." Kwetu ukimwita mzee Asa, umemwita baba.

"Sawa. Nguo ziko wapi?"

"Bado hazijakuwa."

"Zinakuja lini?"

"Haziji, Asa. Zinazaliwa hapa hapa, mtu akiagiza."

"Na saa hii umezaa ngapi?"

"Saa hii... hakuna."

Mzee akainama akachungulia chini ya kiti, pengine kuhakikisha. Kisha akainuka polepole.

"Mimi nimelima miaka arobaini, kijana. Shamba kama haina kitu, tunasema haina kitu. Hatusemi inangoja mtu aagize." Akavaa kofia. "Jumamosi ya pili ya Agosti ulete mbuzi za ntheo kama tulivyosema. Lakini kuja umevaa hiyo kazi yako, wewe na watu wako wote. Nikiona kitu naweza shika na mkono, tutaongea. Nikikosa kuona, utarudi na mbuzi zako na msichana atabaki."

Ntheo, kwa asiyejua, ni wale mbuzi watatu wanaopelekwa kwa kina msichana ili dunia nzima ijue kwamba ana mwenyewe. Bila ntheo, hata mkae pamoja miaka thelathini mzae timu ya mpira, ukweni wanakuhesabu kama mpita njia.

Ikawa sasa Bato anahitaji tishati nne, yake na za watu watatu wa kumsindikiza, kufikia Agosti. Nyeupe tupu zilipatikana. Pasi ilikuwepo. Kilichokosekana ni picha ya kuweka juu yake, na Mkurugenzi Mkuu hakuweza kuchora hata yai. Alijaribu. Tulidhani ni kiazi.

"Nitaajiri madizaina," akasema. "Wa kujitegemea! Kazi ikiwepo unawaita, kazi ikiisha wanaenda kwao. Hakuna mshahara, hakuna chai ya saa nne. Ndivyo kampuni kubwa zinafanya."

Akabandika tangazo verandani:

WANATAKIWA MADIZAINA WA KIMATAIFA. UZOEFU WA MIAKA KUMI. MALIPO: UMAARUFU.

Walikuja watu tisa. Waliposikia maelezo zaidi kuhusu hayo malipo, sita waliondoka kimya na wawili waliondoka wakitukana. Alibaki mmoja tu, Kuria.

Kuria alikuwa mchoraji wa vibao vya hoteli na bucha. Ukiona ng'ombe anayekuchekea ukutani huku mguu wake umeshakatwa na kuning'inizwa pembeni, ujue huyo ni Kuria. Alikuwa na mkono mzuri, hilo sikatai. Bato akaona heri amjaribu kwanza kwa kazi ndogo: kwaya ya akina mama iliyoongozwa na Peris ilikuwa imeagiza tishati kumi na mbili, zote na njiwa wa Nuhu aliyebeba jani mdomoni.

Kuria alichora siku nzima akipiga mluzi. Bato akachapa bila kuangalia sana, taa za saluni zikazimika mara kumi na mbili, na Jumapili kwaya ikasimama mbele ya kanisa.

Ee! Miaka ishirini ya kuchora hoteli haimtoki mtu kwa siku moja. Njiwa alikuwa mnene, wa rangi ya kahawia, anang'aa mafuta. Miguu iliangalia juu. Lile jani lilikuwa limekatwakatwa vizuri kama sukuma wiki, na mvuke ulikuwa ukipanda. Chini yake, kwa mazoea tu, Kuria alikuwa ameandika KARIBUNI WATEJA.

Mahubiri yaliisha mapema siku hiyo, maana waumini walikuwa wanameza mate. Jumatatu asubuhi Peris akatua verandani na gunia la tishati.

"Bwana Kimanzi! Sisi tuliomba njiwa wa Nuhu! Huyu hata gharika haikumpata, alikuwa ameshakaangwa!"

"Mama, hiyo ni sanaa ya kisasa..."

"Sanaa gani na mzee wa kanisa ameniuliza nusu ni pesa ngapi?"

Bato alipomgeukia Kuria, Kuria hakutikisika. "Boss, njiwa ni ndege, kuku ni ndege. Wewe ungesema mapema kama unataka yule haliwi." Akachukua brashi zake akaenda zake, kwa sababu bucha moja ya kule Katelembo ilikuwa inamngoja, nayo ilikuwa inamlipa kwa nyama.

Bato hakukata tamaa. Majivuno yake yalikuwa kama mkia wa mjusi: ukiukata unaota mwingine. Safari hii akaenda mwenyewe kwenye saiba, akaleta dizaina wa kompyuta aitwaye Waithira, msichana mwembamba mwenye miwani na daftari. Waithira aliketi kwenye kile kiti, akafungua daftari, na badala ya kuchora akaanza kuuliza.

"Nani ataivaa?"

"Mimi na ujumbe wangu."

"Mnaenda wapi nazo?"

"Ukweni."

"Hao watu wa huko ni kina nani? Wanapenda nini? Kuna kitu hawawezi kufurahi kuona?"

"Wewe!" Bato akaruka. "Nani ameajiri mwenzake hapa? Mbona mimi ndiye nimekaa kama mtoto wa mtihani?"

"Maswali ni kumi na moja tu," Waithira akasema kwa upole. "Nikijua majibu, nachora mara moja. Nisipojua, naweza kukuchorea kitu kizuri cha kukuletea shida."

"Kampuni ya kimataifa haiulizwi maswali!"

Waithira akafunga daftari, akatuaga mmoja mmoja kwa heshima, akaondoka. Wakiuru alimtazama mpaka alipopinda kona. "Huyo ndiye alikuwa na akili," akasema, "na umemfukuza kwa sababu hiyo hiyo."

Zilibaki siku nne. Bato alianza kukonda. Mutindi akivuka barabara kumletea chai alimkuta amekodolea macho tishati nyeupe kana kwamba picha ingeota yenyewe, na mara moja nilimsikia akimwambia kwa sauti ya chini, "Bato, babangu hatanii. Weka hata jina lako tu, twende." Namsifu msichana yule. Lakini mwambie mwenye majivuno afanye jambo dogo! Ni kama kumwambia jogoo awike kwa kunong'ona.

Ndipo akatokea Titus.

Titus alikuwa kijana wa Kola aliyekuja mjini kutafuta kibarua cha ujenzi, akakosa, akapita verandani, akasoma lile tangazo lililokuwa limeanza kuchanika. Hakujali umaarufu. Aliomba tu sahani ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, na Bato, aliyekuwa amefika ukingoni, akakubali.

"Nataka dizaina ya kienyeji lakini ya kimataifa," akamwagiza. "Iwe na asili. Iwe na nguvu. Mtu akiiona ashtuke!"

Titus akala, akashukuru, akaenda kwao. Kesho yake akarudi na kipande cha mfuko wa saruji. Juu yake, kwa makaa, alikuwa amechora mistari mitatu iliyosimama, na juu yake mwezi mchanga umelala chali. Basi. Hapakuwa na kingine.

Bato akashika kifua. "Henry! Wakiuru! Njooni muone! Hii ndiyo!"

Nakiri ilipendeza. Ilikuwa safi, nzito, kama kitu kilichokuwepo siku zote.

"Umeitoa wapi?" nikamuuliza Titus.

"Niliiona kwa mzinga wa zamani, huko kwetu juu ya mti. Ikanifurahisha nikaichukua."

"Na maana yake?"

"Hiyo sijui. Mimi niliambiwa dizaina, sikuambiwa maana."

"Maana ninayo mimi!" Bato akadakia. "Mstari wa kwanza ni maono. Wa pili ni bidii. Wa tatu ni faida. Na huo mwezi ni kampuni, inapaa!" Akamshika Titus mkono mpaka kijana akaumia. "Kijana, umekuwa dizaina wa kimataifa!"

"Asante," Titus akasema. "Na muthokoi imebaki?"

Jumamosi ikafika, na baridi yake ya Agosti. Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa verandani, Bato akaingiza karatasi ya kwanza kwenye mashine, akawasha, na umeme ukapotea. Si wa saluni tu. Ulipotea mji mzima!

Tulingoja nusu saa. Bato alikuwa anatembea ndani ya kile chumba, yaani hatua moja kwenda na moja kurudi. Mwishowe Wakiuru akamwonea huruma, akaleta pasi yake ya makaa. Bato akachapa tishati nne kwa makaa, akipuliza moto huku machozi ya moshi yakimtoka.

"Hii pasi haijapata moto sawasawa," Wakiuru akamwonya. "Hiyo rangi haijakauka."

"Itakaukia njiani. Vaa, mama, tunachelewa!"

Ujumbe ulikuwa na watu wanne. Bato mwenyewe. Mimi. Wakiuru, aliyevaa tishati yake juu ya gauni na sweta. Na msemaji wetu, mjomba wake Bato, Mzee Reuben, mstaafu wa reli aliyezaliwa na kukulia nyumba za stesheni ya Konza. Mila zote alizozijua Mzee Reuben zilikuwa na ratiba. Alikuwa amekariri hotuba ya kuomba msichana, dakika saba kamili, na alikuwa na saa mkononi ya kuhakikisha.

Pikapu tuliyokodi ilitufikisha mahali ambapo barabara iliamua kuwa ngazi. Kutoka hapo tukapanda kwa miguu. Mbuzi wawili walikubali. Wa tatu, beberu mwenye tabia za waziri, akaketi chini akakataa kata kata. Tulimvuta, tukamsukuma, Mzee Reuben akampulizia hata filimbi ya reli. Wapi!

"Nipeni mimi!" Bato akasema. Akamkumbatia yule beberu kifuani, akapanda naye kilima chote. Alitoka jasho kwenye baridi ile mpaka akawa anatoa mvuke.

Tulipotokeza nyumbani kwa Mzee Mulwa, tulikuta yeye na wazee wengine watano wameketi kwenye viti vilivyopangwa, akina mama wamejaa jikoni, na nyuma yao miti mikubwa imening'inizwa mizinga ya nyuki. Nikainua macho. Nikasimama.

Kila mzinga ulikuwa umechomwa alama. Mistari mitatu imesimama, na mwezi mchanga juu yake umelala chali.

Nilijua pale pale kwamba tumekwisha. Nilimvuta Bato mkono, lakini Bato naye alikuwa ameiona, na uso wake ulikuwa unameremeta kwa furaha!

"Henry," akaninong'oneza, "dizaina yetu imefika kabla yetu! Hiyo ndiyo maana ya kimataifa!"

Kabla sijamziba mdomo alikuwa amemtua beberu na kusonga mbele, kifua mbele.

"Wazee wangu, nawasalimia! Naona mmeanza kutumia alama ya kampuni. Wengine wangekasirika, lakini mimi nimewasamehe!"

Hata nyuki nadhani walinyamaza. Wale wazee walitutazama vifua, mmoja baada ya mwingine, tishati nne, alama nne. Mmoja akajifunika mdomo kwa kofia na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Hiyo alama," Mzee Mulwa akasema taratibu, "ni ya nani?"

"Ni yangu, Asa! Nimeitengeneza na madizaina wangu. Mstari wa kwanza ni maono..."

"Keti chini, kijana."

Bato akaketi.

"Hii alama ilichomwa na baba ya babu yangu, Nzomo. Sisi sote hapa ni Mbaa Nzomo, watu wa nyumba ya huyo Nzomo. Mzinga iko na hii alama ni yetu. Mshale iko nayo ni yetu. Ng'ombe iko nayo ni yetu. Haijawahi kuguswa na mtu wa nje. Sasa mtu akipatikana na alama yetu, kuna mambo mawili tu. Ya kwanza, ni mwizi wa asali."

"Na mwizi wa asali," Mzee Reuben akauliza, "alikuwa anafanywa nini?"

"Ngoja kwanza tukule, halafu nitakuambia."

Mzee Reuben akatazama saa yake kama mtu anayeulizia treni ya kurudi.

"Ya pili," Mzee Mulwa akaendelea, "ni mtoto wa nyumba. Mtoto anaweza vaa alama ya baba yake vile anataka. Hatuulizi. Sasa wewe chagua na mdomo yako, mbele ya hawa wazee. Wewe ni mwizi, ama ni mtoto wetu?"

Sijawahi kumwona mtu akichagua kwa kasi kama ile.

"Mtoto!" Bato akapaza sauti, amesimama tena. "Mimi ni mtoto wenu! Tangu siku ya kwanza! Damu moja!"

"Na hawa wengine?"

"Wote! Wote ni watoto wenu!"

Wazee wakapiga makofi. Akina mama wakatoka jikoni wakipiga vigelegele. Mbuzi wakapokelewa, na yule beberu mwenye tabia za waziri akapelekwa nyuma ya nyumba moja kwa moja, asirudi tena serikalini. Wakiuru akakumbatiwa na bibi mmoja aliyemwita mwanangu. Bato akanikanyaga mguu kwa furaha. "Umeona? Biashara ni kujitangaza!"

Hapo Mzee Reuben akajua saa ya hotuba imefika. Akainuka, akakohoa, akabonyeza saa yake.

"Wazee watukufu, sisi tumetoka mbali, tumeona ua katika boma hili, na tumekuja kuomba..."

"Kuomba nini?" Mzee Mulwa akamkatiza.

"Kuomba Mutindi aolewe na kijana wetu."

"Kijana wenu yupi?"

"Huyu Bartholomew."

"Huyu?" Mzee Mulwa akashangaa kwa uso mzima. "Lakini huyu ni mtoto wetu! Amesema mwenyewe, damu moja, umesikia. Mutindi ni dada yake! Wewe, umewahi kuona wapi mtu wa Mbaa Nzomo akioa msichana wa Mbaa Nzomo?"

Mzee Reuben akaketi. Hotuba ilikuwa imetumia sekunde kumi na nne.

"Asa... na mbuzi?" Bato akauliza.

"Mbuzi asante sana! Mtoto akifanya kazi mjini halafu akumbuke nyumbani, hiyo ni baraka. Tutawakula na maombi."

"Na mimi?" Wakiuru akauliza, kwa sababu Wakiuru hawezi kuacha jambo likipita. "Mimi wa Murang'a nimekuwa Mbaa Nzomo?"

"Karibu nyumbani, mwanangu."

"Na shamba nitapewa?"

"Hiyo tutaongea mwaka ujao," mzee mmoja akajibu haraka.

Nilitaka kucheka, lakini nilimwona Bato, nikashindwa. Majivuno yote yalikuwa yamemtoka, na kilichobaki ni kijana aliyempenda msichana kweli na ambaye alikuwa amejifanya kaka yake kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mashahidi watano. Nilimhurumia.

"Asa," akasema, na safari hii alisema kama mtu wa kawaida, "nilidanganya. Hiyo alama si yangu. Sikuichora. Kuchora sijui. Ilichukuliwa kwa mzinga wenu, na maana nilijitungia. Mimi si mwizi wala si mtoto wenu. Mimi ni Bato tu wa tishati, na namtaka Mutindi. Nguo yenu hii hapa, naivua, nabaki mgeni!"

Akashika tishati kwa mikono miwili, akaivua kwa mkupuo mmoja, akaitupa chini mbele ya viti.

Kisha tukaona.

Kwenye kifua chake kitupu, nyeusi, nzito, safi kuliko ilivyokuwa kwenye nguo, ilisimama mistari mitatu na mwezi mchanga umelala chali! Rangi ambayo pasi ya makaa ilishindwa kuikausha, beberu aliimalizia kazi: joto lake, uzito wake na jasho la Bato vilikuwa vimeichapa upya kilima chote, moja kwa moja kwenye ngozi.

"Haiya!" Wakiuru akapiga ukelele. "Si nilikuambia haijakauka?"

Bato akajitazama. Akatema mate kwenye kiganja, akasugua. Akasugua tena. Alama ikang'aa zaidi.

Wale wazee watano walikuwa wameachana na heshima kabisa. Mmoja alikuwa amelala juu ya jirani yake, mwingine anafuta machozi kwa kofia. Mzee Mulwa peke yake hakucheka. Alitoa miwani mfukoni, akaivaa, akasogea karibu, akaipapasa ile alama kwa kidole gumba.

"Nilisema nataka kuona kitu naweza shika na mkono," akasema. "Sasa kazi yako nimeiona. Mimi huchoma na chuma moto, na bado haishiki hivi."

"Asa, tafadhali..."

"Siku itatoka yote, isibaki hata kidogo, kuja tena kama mgeni, tutaongea. Na ulete mbuzi zingine tatu, kwa sababu hizi zilikuwa zawadi ya mtoto wetu." Akageukia jikoni. "Mutindi!"

Mutindi akatoka. Alikuwa amecheka mpaka amelowa machozi, na alikuwa ameshika mbavu kwa mkono mmoja na sweta kuukuu ya baba yake kwa mkono mwingine. Akasimama mbele ya Bato, akakisoma kile kifua kutoka kushoto kwenda kulia kama mtu anayesoma barua, akamtundikia sweta mabegani.

"Vaa, kaka," akamwambia. "Usije ukashikwa na baridi."